Mtunza hazina wa Florida na kiti cha gavana

Huku kwetu waziri wa fedha huteuliwa, na siku nyingine husikia kwenye taarifa ya habari kwamba uteuzi wake umetenguliwa. Jimbo la Florida, Marekani, lina utaratibu mwingine. Mkuu wa Fedha wa jimbo huchaguliwa kwa kura kila baada ya miaka 4, na gavana hawezi kumtimua kwa kuwa tu wamekosana.

Cheo chenyewe si cha zamani. Kilianza Januari 2003, ofisi ya mdhibiti wa hesabu ilipounganishwa na ya mweka hazina. Aliyenacho hutunza fedha za jimbo na kulipa madeni yake, na (sijui nani alikaa akaipanga hivi) ndiye pia mkuu wa zimamoto na msimamizi wa biashara ya mazishi.

Kati ya wote waliokikalia, anayenivutia ni Alex Sink. Alizaliwa Mount Airy, North Carolina, kitukuu wa Chang Bunker, mmoja wa wale pacha wawili wa Siam waliozaliwa wameungana. Alisoma hisabati Chuo Kikuu cha Wake Forest, akaja Afrika Magharibi kufundisha somo hilohilo, kisha akaingia benki. Alidumu humo miaka 26, na alipostaafu mwaka 2000 alikuwa ameshaongoza shughuli za Bank of America Florida nzima. Mwaka 2006 akagombea kwa tiketi ya Democratic, akashinda, akajikuta peke yake kwenye baraza la jimbo lililojaa Warepublican.

Kwa wasifu huo, nani angeuliza maswali? Lakini Novemba 2007, kabla hajamaliza mwaka, mambo yaliharibika. Kaunti, miji na shule za Florida zilikuwa zimeweka akiba yao, mpaka fedha za mishahara, kwenye mfuko wa pamoja wa uwekezaji wa jimbo. Habari zikavuja kwamba mfuko umenunua hati za madeni zilizooza, zenye uhusiano na mikopo ya nyumba. Kila mmoja akakimbilia kutoa chake. Katika wiki chache mfuko wa dola takriban bilioni 27 ukabaki na kama bilioni 14, na tarehe 29 milango ikafungwa. Wadhamini walikuwa 3: gavana, mwanasheria mkuu na Sink. Mwenye uzoefu wa benki kati yao alikuwa mmoja tu.

Simtupii lawama zote, maana hati hizo hazikununuliwa kwa mkono wake. Ila tangu niisome habari hiyo, miaka ya benki kwenye wasifu wa mgombea hainibabaishi tena.

Kinachonikera zaidi ni kilichofuata. Muhula mmoja tu, akaanza kuusaka ugavana. Mwaka 2010 alishindwa na Rick Scott kwa kura zisizofika 62,000 kati ya zaidi ya milioni 5. Wala hakuwa wa kwanza. Tom Gallagher, aliyefungua ofisi hiyo, naye aliutaka ugavana mwaka 2006 akakwamia kwenye mchujo wa chama. Jeff Atwater, naye mtu wa benki, aliondoka mwaka 2017 kwenda kushika fedha za chuo kikuu kabla muhula haujaisha. Jimmy Patronis, ambaye familia yake ina mgahawa wa samaki Panama City Beach, aliondoka mwaka 2025 kwenda Bunge la Marekani.

Na mtu akiondoka katikati, anayejaza nafasi ni gavana. Patronis aliingia kwa kuteuliwa na Scott. Blaise Ingoglia, mjenzi wa nyumba, aliteuliwa na Ron DeSantis Julai 2025. Basi ule uhuru wa kutomtegemea gavana, ambao ndio sababu ya kupiga kura, unapotea bila sheria yoyote kuvunjwa. Ningekuwa mpiga kura wa Florida, ningemwambia mgombea aweke wasifu wake pembeni kidogo, anieleze baada ya hapo anataka kwenda wapi.