Mawimbi ya mtetemo na metamateria za kitopolojia: swichi ina thamani kuliko kinga

Bamba la chuma likigongwa, mtetemo husambaa kila upande. Metamateria huundwa ili kuuongoza: tabia yake hutokana zaidi na mpangilio wa matundu na mbavu zinazojirudia kuliko malighafi yenyewe. Zile za kitopolojia, yaani ambazo njia ya wimbi hutokana na sifa ya mpangilio mzima isiyoharibiwa na kasoro ndogo, zimeazima fizikia ya elektroni, uwanja uliowapa David Thouless, Duncan Haldane na Michael Kosterlitz Tuzo ya Nobeli mwaka 2016. Mwaka 2015, Roman Süsstrunk na Sebastian Huber wa ETH Zurich walionyesha kwamba mtetemo nao unaweza kuongozwa hivyo, kwa pendulamu 270 zilizounganishwa kwa springi. Katikati palitulia, mtetemo ukapita pembezoni na kukata kona bila kurudi ulikotoka.

Tangu hapo neno "kinga", yaani wimbi kupita kona na kasoro bila kurudishwa nyuma, limetumika kwa ukarimu mno. Mifumo yenye jairoskopu (magurudumu madogo yanayozungushwa kwa kasi) ina kinga imara kweli, lakini inakula nishati muda wote. Mabamba yasiyotumia nishati hutegemea ulinganifu wa umbo, na kasoro inayouvunja huweza kurudisha wimbi nyuma. Watafiti wanaoongoza mwanga badala ya mtetemo walipima hilo mwaka 2023: katika njia za aina hiyo, dosari ndogo za utengenezaji zilirudisha mwanga kwa wingi. Tena, kinga hiyo haizuii wimbi kumezwa na kugeuka joto.

Ndiyo maana mimi naipa uzito swichi, yaani uwezo wa kuhamisha njia ya wimbi utakapo. Chukua bamba lililobandikwa visahani vya piezoelektriki (vinavyogeuza mkunjo kuwa umeme na umeme kuwa mkunjo), kila kimoja kikiwa na saketi yake. Saketi ikibadilishwa, ugumu wa sehemu ile nao hubadilika. Ukigeuza mpangilio wa ugumu huo upande mmoja wa bamba, hutokea mpaka kati ya pande mbili, na mtetemo huufuata mpaka huo. Ukiusogeza mpaka, njia nayo inahama, bila kutoboa tundu hata moja. Njia ya kudumu haiwezi kukupa hilo, hata ikiwa na kinga ya namna gani.

Wanaopinga swichi hizi wana hoja nzito. Visahani mia ni nyaya mia, saketi zinazolazimisha ugumu kushuka sana zinaweza kuyumba na kuanza kutetemesha bamba zenyewe, na gundi hula sehemu ya wimbi. Ukitumia mpira unaovutwa badala ya umeme, nyaya zinapungua lakini mpira unameza zaidi.

Kuna pia suala la ukubwa, kwani mpangilio unaojirudia kwa kawaida huendana na urefu wa wimbi. Wimbi la mkato (linalosukuma chuma kando ya mwelekeo linakokwenda) ndani ya chuma husafiri karibu mita 3,200 kwa sekunde. Kwa mitetemo 1,000 kwa sekunde, urefu wake unazidi mita 3. Kwa milioni moja, ni kama milimita 3. Vipande vidogo vinavyotetemeka vyenyewe ndani ya bamba hupunguza ukubwa unaohitajika, ila hubana masafa yanayofanya kazi. Kwa hiyo vifaa vidogo vya kuchuja ishara naviona karibu, majengo ya kukwepesha tetemeko naona bado sana.

Kinachokosekana katika ripoti nyingi ni kipimo kimoja rahisi: bamba lilelile, kona ileile, njia ya kawaida iliyosanifiwa vizuri kando ya ile ya kitopolojia, na kiasi cha nishati kilichofika mwisho wa kila moja, swichi zikiwa zimewashwa.