Mwalimu au mkutubi: nani akabidhiwe maktaba ya skuli?

Skuli ya Unguja au Pemba ikipata chumba cha maktaba, njia iliyo karibu ni kumteua mwalimu wa darasani, kumpeleka mafunzoni, kisha kumkabidhi ufunguo. Wapo wanaopinga: maktaba, wanasema, ipewe mkutubi aliyeisomea kazi hiyo. Sisi tunaona mwalimu anafaa, ila kwa sharti moja zito, nalo ni kupunguziwa vipindi.

Hoja ya wanaopinga si nyepesi. Chuo cha ukutubi cha Bagamoyo hutoa cheti na stashahada katika fani hii, na yanayosomwa huko hayaokotwi katika semina ya siku tatu. Chukua vitabu vya dini. Katika mpango wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba za mada, uliotoka mwaka 1876, fungu la 200 ni la dini, lakini namba za 220 hadi 289 zimekwenda kwa Ukristo, na Uislamu umebanwa ndani ya 297. Skuli ya Wete au Mkoani, huko Pemba, inaweza kuwa na rafu nzima ya vitabu vya Kiislamu. Asiyefundishwa hubandika 297 kwenye kila mgongo, na haupiti muda msahafu, sira (maisha ya Mtume) na fiqhi (sheria za dini) vimechanganyika. Aliyefundishwa huingia ndani zaidi: 297.122 kwa Kurani na tafsiri zake, 297.124 kwa Hadithi za Mtume, 297.63 kwa sira.

Kuna na suala la majina. Mwandishi wa kwetu hutaja jina lake, la baba na la babu, na lebo ya mgongoni mwa kitabu inataka herufi tatu tu za jina. Ichaguliwe kanuni moja, tuseme jina la mwisho, iandikwe na kubandikwa ukutani. La sivyo, riwaya za mtu mmoja zitakaa pahala patatu.

Kuazimisha ndiko kunakoharibika haraka zaidi. Mwalimu amezoea daftari la kaunta: jina, kitabu, tarehe, mstari chini ya mstari. Ikifika wiki ya tatu, kumjua aliyechelewesha ni kupekua kurasa zote. Kwa njia ya kadi, kila kitabu kina mfuko wa karatasi uliogandishwa ndani ya jalada la nyuma, na kadi yenye namba ya kitabu. Kitabu kikiazimwa, kadi hutolewa, huandikwa jina na darasa la mwanafunzi, kisha husimamishwa kisandukuni nyuma ya tarehe ya kurudisha. Kadi zilizobaki nyuma ya tarehe iliyokwisha kupita ndizo za wanaodaiwa, huhitaji kutafuta kwengine.

Lakini hayo yote mwalimu anafundishika. Mkutubi mgeni atachukua muda mrefu zaidi kutambua ni watoto gani wa darasa la nne ambao bado hawawezi kusoma sentensi nzima, au kuweka vitabu vya mmeng'enyo wa chakula mezani wiki ile ile mada inapofika darasani. Mwongozo wa IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, kuhusu maktaba za skuli, toleo la mwaka 2015, unataka mhusika awe amesomea vyote viwili, ukutubi na ualimu. Basi ikiwa lazima uanze na nusu moja, nusu ya ualimu ndiyo iliyokwisha kuwepo skulini.

Mwalimu naye huja na mazoea yake. Huigeuza maktaba kuwa chumba cha mitihani iliyopita, au kwa kuchelea vitabu kuchanika huvifungia kabatini. Kabati lililofungwa wakati wa masika ni maangamizi: hewa haipiti, ukungu unashika kurasa. Rafu ziache nafasi ya sentimita kumi hivi kutoka ukutani, vitabu visibanane, na chenye ukungu kitolewe nje kivulini kikafutwe kwa kitambaa kikavu.

Sasa lile sharti. Tuchukue vitabu 1,500. Kugonga muhuri, kuingiza kwenye rejista ya mapokezi, kupanga namba, kubandika lebo na mfuko, tukikadiria dakika sita kwa kitabu, ni saa 150. Mwalimu mwenye saa tatu huru kwa wiki atamaliza baada ya wiki 50, na hapo hajaazimisha hata kimoja. Wala asiambiwe afungue baada ya masomo. Watoto wengi wa mkondo wa asubuhi mchana huenda chuoni kusoma Kurani, na wa mkondo wa mchana huwa wametokea huko huko. Maktaba isipoingizwa kwenye ratiba, haina wasomaji.

Kwa hiyo mwalimu mkuu aifanyie kazi ratiba kabla ya kutafuta nauli ya kumpeleka mtu mafunzoni. Vipindi vya mteule vishushwe angalau kwa nusu, na kama ni mwalimu pekee wa hesabu, achaguliwe mwengine, kwani hasara ya darasani itakuwa kubwa kuliko faida. Mwalimu wa pili, kutoka mkondo mwengine, afundishwe naye, awe na ufunguo wake. Rejista ya mapokezi ikae ofisini kwa mwalimu mkuu na isiondoke hapo, maana uhamisho ukija wa ghafla, mrithi atahitaji kujua kitabu kilichoandikwa humo kwa namba 812 ni kipi na kiliingia lini.