Ruzuku za Vyuo Vikuu na Ulinzi wa Gridi: Fedha Zifike Hadi Kituoni

Oktoba 2015 Wizara ya Nishati ya Marekani ilitangaza zaidi ya dola milioni 34 kwa miradi miwili ya utafiti wa usalama wa mitandao ya nishati: milioni 22.5 kwa Chuo Kikuu cha Illinois na milioni 12.2 kwa Arkansas. Desemba 23 mwaka huohuo, wadukuzi walizima umeme kwa wateja wapatao 225,000 nchini Ukraine.

Wanaopinga ruzuku hizo wana hoja nzito. Wadukuzi wa Ukraine waliingia kwa viambatisho vya barua pepe, wakaiba nywila, kisha wakafungua swichi za kukata umeme kwa kutumia skrini za waendeshaji wenyewe. Mei 2021 bomba la mafuta la Colonial nchini Marekani lilisimama kwa siku kadhaa kwa sababu ya akaunti ya zamani iliyolindwa kwa nywila pekee. Hapo hapakuhitajika shahada ya uzamivu. Ilihitajika hatua ya pili ya uthibitisho, na mtandao wa ofisi utenganishwe na wa mitambo. Ndiyo maana sheria ya miundombinu ya Marekani ya 2021 ilitenga dola milioni 250 kwa kampuni ndogo na vyama vya ushirika vya umeme vijijini.

Lakini Desemba 2016, mjini Kyiv, programu hasidi ya Industroyer ilizungumza lugha ileile ya mitambo ya kituo cha kupozea umeme. Rilei, yaani kifaa kinachoamuru swichi za kituo zikate umeme, ikipokea amri iliyoandikwa sawasawa, haina sababu ya kuikataa. Na kuithibitisha si rahisi: ujumbe wa GOOSE, yaani ujumbe wa haraka kati ya vifaa vya kituo, unaoamuru swichi ikate hutakiwa kufika ndani ya milisekunde 3 hadi 4, na saini ya kidijitali ya RSA, ya kuthibitisha mtumaji, kwenye kichakataji kidogo cha rilei hupitiliza muda huo. Kampuni ya umeme haiwezi kujaribu dawa yake kwenye laini yenye wateja. Maabara ya chuo, yenye rilei za watengenezaji mbalimbali na kiigizo cha gridi, inaweza.

Kinachokwama ni safari ya kutoka maabara hadi kituoni. Ruzuku ni ya miaka michache, rilei hukaa zaidi ya miaka 15. Mwanafunzi akihitimu, huondoka na ujuzi wa msimbo wake. Kigunduzi cha udukuzi kilichofundishwa kwa data ya kuigiza hupiga kelele kila mafundi wanapobadili laini kwa matengenezo, na baada ya wiki mhudumu hukizima. Kampuni nayo huficha michoro ya mtandao wake, kwa haki kabisa, wakati profesa anatakiwa kuchapisha.

Kwa hiyo mkataba wa data kati ya kampuni na chuo utiwe saini kabla ya fedha kutolewa. Sheria ya nishati ya Marekani ya 2005 kwa kawaida hudai wapokeaji wa ruzuku wachangie asilimia 20 ya gharama kwa utafiti na 50 kwa maonyesho ya teknolojia. Mchango wa kampuni uwe saa za mhandisi wake na rilei zilizostaafu, maana barua ya kuunga mkono haijaribu chochote. Kisha kifaa kilichobuniwa kisikilize tu, bila kutoa amri, kituoni kwa miezi mitatu, na kengele za uongo zihesabiwe kila siku.

Njia hii hupitika. Kutokana na utafiti uliotangulia huko Illinois, mwaka 2014 ilizaliwa kampuni ya Network Perception. Programu yake husoma kanuni za fayawoli, yaani kizuizi kinachochuja mawasiliano ya mtandao, na kuchora nani anaweza kumfikia nani, yaani kazi ileile ya kutenganisha mitandao ambayo wapinzani wa ruzuku wanaidai. Mwaka 2022 wizara iligawa dola milioni 12 kwa timu sita za vyuo, wastani wa milioni 2 kila moja. Bajeti ikibana, jaribio la kituoni ndilo hukatwa kwanza. Liwekewe fungu lake lisilohamishika.