Imeandikwa? Imeandikwa wapi?

Jumamosi mama mmoja muuza samaki wa Mji wa Kale kaniletea memori kadi, kaifunga kwenye pindo la leso. "Mwanangu, hebu nitolee hesabu za friza kutoka kwenye kile kifaa kinachopima baridi, mteja wangu wa hoteli ataka kuona baridi ilikuwa ngapi tangu Jumatatu." Alhamisi usiku stima ilikatika. Nikaichomeka kwenye laptopu: faili ipo, jina lipo, saizi sifuri.

Nikaisoma kadi yenyewe sekta kwa sekta, yaani kipande kwa kipande, na namba nikazikuta zimelala mle, -18.5, -18.4, -18.5, moja chini ya nyingine. Hapo ndipo nilipoumia. Data ilifika, ila orodha ya faili haikuambiwa.

Nikampigia fundi aliyekitengeneza kifaa. Katumia FatFs, ile laibrari ya kuandika faili kwenye kadi aliyoiandika ChaN wa Japani, laibrari safi, naipenda na naitumia miaka mingi. Kifaa kikiwaka chafungua faili mpya na hakiifungi tena. Aniambia, "Lakini f_write, amri ya kuandika, yarudisha FR_OK, yaani sawa, bro." Jamani, FR_OK hapo maana yake laibrari imepokea mzigo wako, basi! Saizi ya faili na klasta yake ya kwanza, yaani mahali data inapoanzia, haviandikwi kwenye orodha mpaka uite f_sync (hifadhi sasa) au f_close (funga faili), na vile vibaiti vya mwisho visivyojaza sekta ya baiti 512 viko kwenye ram vinangoja. Stima ikienda, navyo vimekwenda. ChaN mwenyewe kaeleza haya kwenye maelezo yake, na mchoro kachora, tusome.

Haya, nakubali f_sync ina gharama, kila ukiita yaandika data, orodha, na jedwali la FAT (mfumo unaopanga faili kwenye kadi), kadi inachakaa na kazi inapungua kasi. Kwa mtu anayerekodi sauti sawa, ana haki ya kulalamika. Lakini hiki kifaa kinapima kila dakika tano, ni mara 288 kwa siku, kadi yoyote yabeba hiyo.

Kama kadi haihitaji kusomwa kwenye laptopu, kuna littlefs, mfumo mwingine wa faili, hiyo iliundwa ikijua umeme utakatika. FAT ni ya 1977 na haina jono, yaani daftari la kuandika mabadiliko kabla hayajafanywa.

Ninachowaomba mafundi wenzangu ni hiki: kabla hujauza kifaa, chomoa waya kikiwa kinaandika. Chomoa mara hamsini, kila mara isome kadi. Sisi twaishi Mombasa, kukatika kwa stima twakujua, kwa nini programu zetu hazikujui?

Namba nilizitoa kwa mkono mpaka saa sita usiku, nikamprintia. Akazifuata kwa kidole mpaka chini. "Na zile za mwisho, kabla stima haijakatika?" Ndizo mteja alizokuwa anazitaka. Kwenye kadi hazimo.