Banda la mbao Mnazi Mmoja: anza na siku ya kulifungua

Mtu akikuletea michoro ya banda la mbao la kukaa uwanjani miezi mitatu, usimuulize litapendezaje, muulize litaondokaje. Wengi wanakwama hapohapo, maana picha za kompyuta wametengeneza nzuri sana, watu wanakunywa kahawa, watoto wanakimbia, ila hakuna picha hata moja ya fundi na spana.

Chukulia Mnazi Mmoja hapa Dar. Mkoloni aliiacha wazi makusudi kutenganisha Kariakoo ya Waafrika na mitaa ya Wahindi na Wazungu, leo ndo tunakatiza pale kila siku kati ya Kariakoo na Posta na shughuli ikitokea yanafungwa maturubai ya plastiki ambayo saa saba mchana chini yake unaiva kabisa. Sasa mimi ningeweka banda la mbao pale, mwezi wa sita mpaka wa nane, masika yakiwa yameshapita.

Jua letu mchana liko juu juu tu, ukuta haukusaidii, kinacholeta kivuli ni paa. Shida inakuja asubuhi na jioni jua likiingia kwa chini, kwa hiyo mashariki na magharibi simamisha papi (mbao nyembamba) zilizokaribiana, kaskazini na kusini acha wazi kabisa upepo wa kusi upite. Hapo hata feni huhitaji.

Mbao ni paini ya Mufindi, ipo kila mahali na bei yake inaongeleka. Tatizo mara nyingi inauzwa mbichi, ikikauka inapinda na kusinyaa, na nati ulizokaza wiki ya kwanza zinalegea, so lazima mtu apite kuzikaza tena na hilo liwe kwenye bajeti, sio fadhila ya fundi. Na ndiyo, nimesema nati. Misumari hapana! Msumari ukiung'oa mbao inapasuka na ukimaliza una kuni, bolti unaifungua na mbao inabaki mbao.

Msingi sichimbi. Banda jepesi haliogopi kuzama, linaogopa kunyanyuliwa na upepo, yaani unachohitaji ni uzito tu: simtanki la lita 1000 likijaa ni tani moja tayari, liweke nyuma ya benchi kila kona, lifunge vizuri kwenye nguzo, siku ya kuondoka unafungulia maji yakanyweshe miti ya palepale. Nondo na zege kwa kitu cha miezi mitatu ni hasara tu.

Watu watasema mambo haya ya Ulaya. Sawa, London pale kwenye jumba la sanaa la Serpentine wanajenga banda jipya karibu kila kiangazi tangu 2000, na la 2017 alichora msanifu Francis Kéré, mtoto wa kijiji cha Gando, Burkina Faso, akatoa wazo kwenye mti ambao watu wa kwao hukutana chini yake, paa la mbao limeshikwa na chuma na mvua inashukia katikati. Lilipomaliza muda wake likanunuliwa na jumba la sanaa la Kuala Lumpur. Wao wana wanunuzi wa sanaa, sisi tuna shule zenye watoto wanaokaa chini, kwa hiyo mnunuzi wetu mimi namjua tayari.

Ndo maana mbao za 1x8 (inchi moja kwa nane) za paa zisikatwekatwe kufuata maumbo ya ajabu, zibaki na urefu wake wa dukani, na matundu ya bolti yote yakae ncha za mbao, katikati pasiguswe. Ukishafungua unakata zile ncha, kipande cha katikati kinakuwa uso wa dawati, 2x4 za nguzo zinakuwa miguu. Mchoro wa dawati uwe kwenye faili moja na mchoro wa banda, na fundi wa madawati alipwe siku ileile anayolipwa msanifu.