Sanitaiza mlangoni, mfereji mkavu

Ukienda kumtazama mzazi aliyejifungua hospitali hapa Mombasa, mlangoni mwa wodi utakuta chupa ya sanitaiza. Unaminya, unasugua viganja, unaingia ukijiona msafi. Mfereji uko pale pembeni, ila hautoi kitu. Chini yake pana ndoo na kopo, na kila mtu anachovya kopo lilo hilo kwa mkono uleule aliokuja kuunawa. Mimi chupa ile imeanza kunikera.

Kitoto kikianza kuhara wodini, lawama huenda kwa maziwa ya mama au kwa jicho la watu. Mara nyingi ni virusi vya rota au vya noro. Hutoka kwenye choo cha mgonjwa kwa mabilioni, na vichache mno vinatosha kumwambukiza mwenziwe. Huweza kukaa siku kadhaa kwenye kitasa, kwenye reli ya kitanda, kwenye mizani ya kupimia watoto. Noro hasa havijali sana sanitaiza ya spiriti. Vinataka sabuni na maji yanayotiririka mikononi, na klorini sakafuni.

Tazama leso ya mzazi. Imetandikwa kitandani, imepangusa mikono iliyotoka kubadilisha nepi, saa hii inamfunika mwana. Simlaumu. Ameshonwa jana, halati zake wamemzunguka, kila mmoja anataka kumpakata mtoto, na hapana pa kunawa.

Kuna wanaosema vijidudu humkomaza mtoto. Hawajakosa kabisa: Ruth Bishop na wenzake, waliogundua virusi vya rota Melbourne mwaka 1973, walikuja kuonyesha kwamba watoto walioambukizwa wakiwa wachanga, hata bila dalili, walikingika baadaye na kuhara kukali. Lakini nani atambahatishia njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, wa kilo moja na nusu? Huyo maji yakimpungua kidogo tu, utosi unabonyea na nguvu za kunyonya zinamwisha. Kinga tunayo kwa njia salama, matone ya chanjo ya rota, ambayo Kenya ilianza kuyatoa Julai 2014. Tatizo ni kwamba dozi ya kwanza hungoja wiki ya sita, na noro haimo. Mpaka hapo mtoto ana maziwa ya mamake na mikono ya watu.

(Choo laini cha njano cha mtoto anayenyonya si kuhara, msimkimbize mbio. Cha kutisha ni choo kugeuka maji ghafla, kugoma kunyonya, na nepi kukaa kavu saa nyingi. Hapo aonwe na daktari mara moja, na asiachishwe ziwa.)

Maji ya mji huu yanatoka mbali, chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, na yanakuja kwa mgao. Wengi wetu tunaishi kwa mitungi ya mkokoteni. Lakini wodi ya wazazi haifai kungoja zamu kama nyumba yangu. Kaunti ikipanga bajeti, tanki la wodi hiyo litangulie rangi ya ukuta na jiwe la uzinduzi.

Na sisi jamaa tupunguze msafara. Anayekwenda kumwadhinia mtoto na kumtia tende mdomoni anawe kwa sabuni, na maji aje nayo mwenyewe ikibidi. Sisi wengine tutamuona nyumbani. Chupa ya uji akabidhiwe babake pale getini.