Meno yanaijua miaka 9, ya 18 yanababaisha

Wanaotaka vijana wanaoomba hifadhi Ulaya wapimwe umri kwa eksirei ya meno wana hoja, tusiwabeze. Mtu wa miaka 25 akidanganya ana 16 analazwa bweni moja na watoto, nani atataka mwanae alale hapo? Na bila kipimo anabaki ofisa wa kukagua ndevu na urefu. Alafu ni kweli meno hayayumbishwi na njaa kama mifupa.

Ila madaktari wa meno wanaokataa hiyo kazi watu wanadhani wana huruma tu. Chama chao Uingereza kilipinga 2016, vijana walipokuwa wanaletwa kutoka kambi ya wahamiaji ya Calais, Ufaransa, na shida waliyoitaja ni kwamba meno yenyewe hayatoi jibu la uhakika. Sifa ya meno ni ya zamani, 1837 huko huko Uingereza Edwin Saunders alishauri yatumike kutambua umri wa watoto wa viwandani, maana sheria ya 1833 ilikataza wa chini ya miaka 9 kwenye viwanda vingi vya nguo na wa chini ya 13 wakapunguziwa masaa. Na kwa umri huo yanafaa kweli! Mdomo wa mtoto wa miaka 9 una mambo kibao, ya utoto yanang'oka, mengine ndo yanachomoza, mengine mizizi bado, una vingi vya kulinganisha. Sasa wa miaka 17 ana nini? Kila kitu kimeshaisha, yamebaki magego ya mwisho peke yake, na karibu mtu 1 kati ya 5 amekosa angalau moja, yaani hata ndani ya taya halimo, na mwenye nayo mizizi inaweza kukomaa akiwa na 17 au mwenzie akiwa na 23.

Sweden 2017 waliongeza MRI ya goti (picha ya sumaku inayoonyesha kama mfupa umekomaa), zaidi ya asilimia 80 ya waliopimwa wakaonekana watu wazima, watu wakasema si mnaona. Lakini waliopimwa ni wale ambao umri wao ulishatiliwa shaka. Na chukua watoto 100 wa kweli, kipimo kikosee 10 tu, hao 10 ndo wanalazwa bweni moja na wanaume wazima.

Mi ningekubali eksirei iwe karatasi moja kwenye faili pamoja na mahojiano, na jibu liandikwe "kati ya 16 na 21". Shida faili linataka tarehe, na asiye na cheti mara nyingi anaandikiwa Januari 1.